Aliyeketi Nje ya Mlango

Masomo ya juma: Yakobo 2:1–9, Matendo ya Mitume 6:1–7, Wagalatia 2:11–14



Wengi wenu mlisikia mafundisho haya kwa redio, mkaomba yaandikwe ili mpate kuyasoma tena nyumbani. Tumeyaandika, na tumeongeza mambo ambayo saa ya redio haikutosha kuyasema. Si mafundisho ya kufurahisha tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ni historia ya nyumba yetu wenyewe sisi Wapentekoste, na mtoto asiyejua mambo ya nyumba yake huja kuyasikia kwa majirani.

Jinsi tulivyoanza kusoma

Tulipokuwa katika Shule ya Biblia, historia ya uamsho tulifundishwa kwa haraka. Katika daftari zetu kulikuwa na mistari mitatu au minne tu: kwamba mwaka wa 1906, huko Los Angeles, Marekani, katika barabara ya Azusa, Roho Mtakatifu alimwagwa, watu wakanena kwa lugha, na moto ule ukaenea dunia yote. Tuliandika, tukafanya mtihani, tukapita. Kwa miaka mingi tumehubiri "moto wa Azusa" bila kujua ni nani aliyesimama pale mbele, wala ngozi yake ilikuwa ya rangi gani.

Kisha ndugu mmoja alituletea kitabu cha Kifaransa juu ya historia ya Wapentekoste. Tukapiga fotokopi za sura chache, tukaanza kukutana kila Jumamosi baada ya maombi: wazee wa kanisa, wamama, vijana wa koro, pamoja nasi wachungaji. Anayejua Kifaransa alisoma, mwingine aligeuza kwa Kiswahili, na wasiojua kusoma walisikiliza na kuuliza. Tulidhani tutamaliza kwa majuma manne. Tulikaa miezi.

Mtoto wa watumwa

William Joseph Seymour alizaliwa tarehe 2 Mei 1870 huko Centerville, katika jimbo la Louisiana. Baba yake Simon na mama yake Phillis walikuwa watumwa waliopata uhuru miaka michache tu kabla yake, kwa maana utumwa ulikomeshwa Marekani nzima mwaka wa 1865, vita ya wao kwa wao ilipokwisha. Lakini uhuru ulioandikwa kwa karatasi haukufika mezani. Katika majimbo ya kusini ziliwekwa sheria za kuwatenga watu weusi na weupe: shule mbalimbali, viti mbalimbali katika treni, hata makaburi mbalimbali. Na mtu mweusi aliyesingiziwa neno lolote aliweza kukamatwa na kundi la watu usiku, akanyongwa juu ya mti bila hukumu. Waliofanya hivyo, wengi wao walikuwa watu wa kanisa. Siku ya Jumapili waliketi katika ibada kama sisi.

Katika nchi hiyo ndipo Seymour alipokua. Alipata ndui, ikamwondolea jicho moja. Alitafuta kazi kutoka mji hata mji, akaokoka, akaanza kuhubiri.

Mwaka wa 1905 alikuwa Houston, katika jimbo la Texas. Hapo mama mmoja mweusi, Lucy Farrow, aliyezaliwa utumwani na ambaye sasa alichunga kanisa dogo, alimwelekeza kwa mwalimu mzungu aitwaye Charles Parham. Huyu Parham alikuwa na shule ya Biblia. Alifundisha kwamba kunena kwa lugha ni ishara ya kubatizwa kwa Roho Mtakatifu. Seymour alitamani sana kujifunza. Lakini sheria ya Texas na desturi ya wazungu hazikuruhusu mtu mweusi aketi darasani pamoja na weupe. Parham alimpokea namna hii: Seymour aketi nje, katika ujia, mlango uachwe wazi kidogo, asikilize kutoka huko.

Hapo msomaji wetu alinyamaza. Tulimwambia arudie mstari ule. Akarudia. Mtu ambaye Mungu atamtumia kuwasha moto uliofika mpaka Kongo, alijifunza Neno akiwa nje ya mlango.

Nyumba ya Azusa

Mwanzo wa mwaka wa 1906 Seymour aliitwa Los Angeles kusaidia kanisa moja dogo. Alipohubiri juu ya kunena kwa lugha, viongozi walikasirika. Aliporudi kwa ibada nyingine alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Basi akaanza maombi katika nyumba ya Richard na Ruth Asberry, familia nyeusi, katika barabara ya Bonnie Brae. Tarehe 9 Aprili Roho akawashukia. Watu wakajaa hadi nje. Wakatafuta mahali pakubwa, wakapata nyumba namba 312 ya barabara ya Azusa: zamani lilikuwa kanisa la weusi, kisha likageuzwa kuwa ghala na zizi. Walifagia, wakapanga mbao juu ya masanduku ziwe benchi. Madhabahu ya Seymour ilikuwa masanduku mawili matupu yaliyopangwa moja juu ya lingine. Wakati wa ibada aliinama mara nyingi, kichwa chake kikiwa ndani ya sanduku, akiomba.

Tangu Aprili 1906, kwa miaka kama mitatu, waliabudu karibu kila siku, asubuhi hadi usiku. Na ajabu kubwa ya watu wa wakati ule haikuwa lugha peke yake. Weusi, weupe, watu wa Meksiko na wengine walipiga magoti katika benchi moja. Mzungu aliwekewa mikono na mwanamke mweusi. Wamama walihubiri. Frank Bartleman, mhubiri mzungu aliyekuwako, alishuhudia baadaye kwamba kule ndani ubaguzi wa rangi uliondolewa kwa damu ya Yesu. Magazeti ya mji yaliwacheka, na jambo moja waliloandika kwa kuchukizwa lilikuwa ni hilo: weusi na weupe kukumbatiana.

Kwa Seymour, hilo halikuwa jambo la pembeni. Yeye alifundisha kwamba upendo unaovunja ukuta kati ya watu ni alama ya Roho, na kwamba lugha bila upendo huo haitoshi. Nasi tuliosoma tulijiuliza: tuliwezaje kuchukua lugha za Azusa, tukaacha benchi ya Azusa?

Moto ulivyogawanyika

Mwezi wa Oktoba 1906 Parham alikuja kumtembelea mwanafunzi wake. Alipoona weusi na weupe wamechanganyika madhabahuni, alichukizwa, akakemea hadharani kwa maneno ya dharau. Wazee wa Azusa wakamwomba aondoke. Akaenda kufungua mikutano yake karibu na hapo. Katika miaka yake ya mwisho alilisifu kundi la Ku Klux Klan, lile la wazungu waliotesa na kuua weusi. Na tujue vema: huyu alikuwa mwalimu wa ubatizo wa Roho. Alinena kwa lugha.

Mambo mengine yakafuata. Wazungu wengi waliobarikiwa Azusa walirudi kwao wakaanzisha makanisa yao. Gazeti la Azusa, ambalo kila toleo lilichapishwa kwa maelfu mengi, lilihamishwa Portland na wamama wawili wazungu, pamoja na orodha ya wasomaji. Seymour akabaki bila njia ya kuwaandikia watu wake. Mwaka wa 1911 mhubiri mwingine mzungu alikuja wakati Seymour yuko safarini, akawavuta watu kwa mafundisho yake, na mgawanyiko ukawa mkubwa zaidi. Mwaka wa 1915 Seymour aliandika kanuni za kanisa lake akaamua kwamba viongozi wakuu wawe watu weusi. Aliandika hivyo kwa huzuni, baada ya kuona mara nyingi waliopokelewa kwa upendo wakigeuka kutaka kutawala. Alikufa tarehe 28 Septemba 1922, waliobaki naye wakiwa wachache. Mwaka wa 1931 nyumba ya Azusa ikabomolewa.

Kulikuwa na mtumishi mwingine, Charles Mason, mtoto wa watumwa naye. Alifika Azusa mwaka wa 1907, akajazwa Roho, akarudi Memphis kuongoza Kanisa la Mungu katika Kristo. Wachungaji wazungu walitumika kwa miaka kadhaa wakiwa na karatasi za utumishi kwa jina la kanisa lake. Lakini mwezi wa Aprili 1914 wazungu wapatao 300 walikutana Hot Springs, Arkansas, wakaanzisha Assemblies of God. Mason alifika pale, akahubiri, akawabariki. Kisha kila mmoja akashika njia yake, weupe huku na weusi kule. Mwaka wa 1948 Wapentekoste wa Marekani ya Kaskazini walipounda umoja wao, makanisa makubwa ya weusi hayakualikwa. Umoja wa Roho, lakini wa rangi moja!

Kwa hiyo maumivu ya weusi yaliachwa kwa makanisa ya weusi. Mwezi wa Agosti 1955, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, aliuawa kikatili huko Mississippi, kwa kusingiziwa kwamba alimkosea heshima mwanamke mzungu. Mama yake alikataa sanduku lifungwe. Alitaka dunia ione walivyomharibu mwanawe. Maziko hayo yalifanyika katika kanisa la Kipentekoste, kanisa la watu wa Mason. Waliomwua waliachiliwa na mahakama, kisha wakakiri wenyewe katika gazeti. Tena, tarehe 3 Aprili 1968, Martin Luther King alihubiri usiku wake wa mwisho katika Mason Temple, hekalu la Wapentekoste huko Memphis, akiwatetea wafanyakazi wa kuondoa takataka waliokuwa katika mgomo. Kesho yake aliuawa. Ndugu zetu wa imani walikuwa ndani ya historia hiyo. Sisi hatukufundishwa.

Ni mwaka wa 1994 tu, mwezi wa Oktoba, pale pale Memphis, wakuu wa Wapentekoste weupe na weusi walipokutana, wakavunja ule umoja wa rangi moja na kuanza mwingine. Mchungaji mzungu, Donald Evans, alichukua beseni la maji, akapiga magoti, akaosha miguu ya askofu mweusi Ithiel Clemmons, akilia na kuomba msamaha. Tangu Azusa miaka 88 ilikuwa imepita.

Na sisi Wakongomani?

Jumamosi moja kijana wa koro alisema: "Mchungaji, hayo ni ya Marekani. Sisi tunayasoma ya nini?" Swali zuri. Tukatafuta.

Tulikuta habari za William Sheppard, mtu mweusi wa Virginia, aliyezaliwa mwaka wa 1865. Hakuwa Mpentekoste, alikuwa Mpresbiteri. Aliomba kutumwa Afrika, lakini kanisa lake halikukubali kumtuma mtu mweusi peke yake. Alingoja mpaka apatikane mzungu wa kwenda naye. Akapatikana kijana Samuel Lapsley, wakafika Kongo mwaka wa 1890, wakajenga misheni Luebo, katika Kasai. Lapsley alikufa mwaka wa 1892. Sheppard, yule asiyeaminiwa kwenda peke yake, ndiye aliyebaki.

Ilikuwa wakati wa mfalme Leopold wa Pili, nchi yetu ikiwa mali yake, na wazee wetu wakilazimishwa kutafuta mpira na pembe. Mwaka wa 1899 Sheppard alitumwa na misheni kuchunguza vijiji vilivyoshambuliwa na askari waliotumwa kutafuta kodi. Alikuta mikono ya kuume ya watu imewekwa juu ya moto ikaushwe, ipelekwe kwa wakubwa. Aliihesabu: 81. Akaandika. Misheni ikatangaza. Baadaye kampuni ya mpira ya Kasai ilimshtaki kwa sababu ya maandiko yake, na mwaka wa 1909 alisimama mbele ya mahakama Léopoldville. Mbelgiji mmoja, Emile Vandervelde, akaja kumtetea, akashinda. Upande wa Équateur naye mama mmisionari wa Kiingereza, Alice Harris, alipiga picha mwaka wa 1904 ya baba aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo ilionyeshwa makanisani Ulaya na Marekani, watu wakaamka.

Basi ndugu, kusoma si jambo la wazungu wala la wasomi. Kama Sheppard asingehesabu na kuandika, wale 81 wangesahauliwa. Aliyeona aliandika, aliyesoma alilia, aliyelia alisimama.

Lakini Sheppard aliporudi kwao, shujaa aliyesikilizwa mbele ya wakubwa, alirudi katika sheria zile zile za kutengwa. Na hapa kwetu Wabelgiji walijenga miji namna hiyo: mji wa wazungu huku, sité ya weusi kule. Hata Mkongomani aliyesoma ilibidi aombe karatasi ya kuthibitisha kwamba amestaarabika, watu wakiingia nyumbani mwake kuangalia anakula namna gani.

Swali la mama mzee

Wote tulikuwa tumekasirika vizuri. Ni rahisi kukasirikia dhambi ya mtu wa mbali. Ndipo mama mmoja mzee, asiyejua kusoma, akainua mkono. Aliuliza: "Huyu mtumishi aliketi nje ya mlango. Kwetu hapa, ni nani anayeketi karibu na mlango?"

Hakuna aliyejibu, kwa maana wote tulijua. Katika kanisa letu kuna jamaa za Wambuti, watu ambao wengine huwaita mbilikimo. Wazee wao walitolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega, ulipofanywa mbuga ya wanyama tangu mwaka wa 1970. Wamebaki bila mashamba, wakilima ya wengine. Wameokoka, wamebatizwa kwa maji mengi kama sisi. Nao huketi benchi ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuna sheria iliyoandikwa. Na siku ya Meza ya Bwana, kikombe kilianzia mbele, kikafika kwao mwisho, na baada yao hakuna aliyekinywa. Kilichobaki kilimwagwa.

Sisi wachungaji ndio tuliokuwa tukibariki kikombe hicho. Tuliona kila mara, na hatukuona. Hatutaandika hapa kwamba hatukujua. Tulijua, tukaita desturi.

Juma lile tulikwenda kwa baba mmoja katika jamaa hizo, mtu mzima, tukamwambia kwamba tunataka waketi mbele. Alitusikiliza kwa heshima. Kisha akasema: "Mchungaji, benchi si kitu. Mtakunywa baada yangu?"

Tulirudi kimya. Katika baraza la wazee palikuwa na maneno makali. Wengine walisema tunaleta siasa kanisani, wakati watu wanataka upako. Wengine walisema tukigusa desturi watu wataondoka. Tuliwasomea Matendo 6: mara baada ya Roho kumwagwa, wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa chakula, na mitume hawakuwaambia kuomba zaidi tu, waliyasikia manung'uniko, wakaweka watu saba wa kuyatengeneza. Tuliwasomea Wagalatia 2: Petro, ambaye alinena kwa lugha siku ya Pentekoste, alijitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa wenzake, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Ikiwa Petro aliweza kujazwa Roho na bado akakosea mezani, na Parham vile vile, sisi ni nani hata tuseme hayatuhusu?

Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata, kikombe kilianzia benchi ya nyuma. Baba yule alikunywa, akatupa, nasi tukanywa mbele ya wote. Baada yetu walikunywa wazee wa kanisa, isipokuwa wawili. Kuna waliofuta ukingo wa kikombe kwa kitambaa kabla ya kunywa. Kuna jamaa mbili ambazo tangu siku ile hazijarudi. Tunawatembelea na kuwaombea. Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yamekwisha. Benchi ya nyuma bado wengi wao huipenda, kwa maana ndiyo waliyoizoea, na mtu uliyemweka mlangoni miaka yote hawezi kukuamini kwa Jumapili moja.

Neno kwenu

Wapendwa, Yakobo anatufundisha kwamba anayemwambia maskini aketi chini miguuni, na tajiri aketi mahali pazuri, amekuwa mwamuzi mwenye mawazo mabaya, na kwamba upendeleo ni dhambi kama dhambi nyingine. Hasemi ni desturi. Labda kwenu hakuna Wambuti. Labda mlangoni kwenu anaketi mkimbizi, au yule mnayemwita mgeni kwa sababu ya pua yake na kimo chake, ingawa babu yake alizaliwa hapa. Nchi hii imezika watu wengi kwa sababu ya kuhesabu pua. Tusome historia ya weupe na weusi wa Marekani tukiishika kama kioo, maana Seymour yuko katika kila kanisa, akisikiliza kutoka ujiani.

Ya kuzungumza nyumbani au katika seli

1. Katika kanisa letu, ni nani anayeketi karibu na mlango, na tangu lini?
2. Kuna mtu ambaye hatuwezi kula naye sahani moja? Tukiulizwa na Bwana sababu, tutajibu nini?
3. Nani kati yetu anajua kusoma, na anaweza kuwasomea wengine saa moja kwa juma?

Tuombe

Baba wa mbinguni, ulimwaga Roho wako juu ya mtoto wa watumwa aliyesikiliza Neno lako nje ya mlango. Utusamehe sisi tulioshika lugha tukaacha upendo. Utufungue macho tuwaone uliowaweka kati yetu. Utupe moyo wa kunywa baada ya ndugu zetu, bila kufuta kikombe. Katika jina la Yesu, Amina.